Mhusika wangu wa D&D alikufa 2003 na mpaka leo sijakubali. Hivi kweli alikufa?

Kichuguu · #1

Wakuu kwema. Najua kwa wengi humu gemu la mezani ni drafti, karata na bao, ila wa D&D mpo, niliwaona mnabishana kwenye uzi fulani, leo nina shida na nyie.

Kwa wasiojua, ni Dungeons and Dragons: mnakaa watu wanne watano, mmoja ndo master, yeye anasimulia dunia yenyewe na maadui wote, nyie wengine kila mtu ana mhusika wake kamuandika kwenye karatasi, ana nguvu kiasi gani, akili kiasi gani, kabeba kamba au panga. Unasema naruka ukuta, unarusha dadu, dadu inaamua umeruka au umevunjika kiuno. Hakuna skrini, ni mdomo na penseli tu.

Sasa 2003 nina miaka 15, mzee kapata nafasi ya kusoma Uingereza, tukahamia Coventry familia nzima. Kiingereza changu kilikuwa cha kuandika, kuongea ni kigugumizi. Nikaangukia kwa vijana wanne waliokuwa wanacheza kila Jumamosi chumba cha juu cha library ya mtaa. Wakanipa karatasi. Nikatengeneza mwizi, halfling, wale watu wafupi wa futi tatu. Nguvu 6, mvuto 17. Nikamwita Abunuwasi. Wazungu jina likawashinda, ikawa Abu. Huyo Abu alishawahi kumliza zimwi kwa kutumia sufuria, lakini hiyo ni habari nyingine.

Siku ya mwisho tuko kwenye handaki, orki wanatufukuza, mbele kuna geti la chuma la kupanda na kushuka, na lazima mtu mmoja azungushe gurudumu la mnyororo ili wengine wapite. Abu akashika gurudumu. Ana pointi 5 za uhai zimebaki. Wenzake wakapita wote. Orki akashusha shoka, pointi 11. Master akafunga daftari akasema Abu amekufa. Nikaandika RIP juu ya karatasi, wiki mbili baadaye mzee kamaliza masomo tumerudi Dar, sijacheza tena mpaka leo.

Juzi mtoto wa dada yangu kaja nyumbani anacheza hii kitu na wenzake kwenye simu, nikamhadithia, dogo akaniangalia kwa huruma akasema "anko, mbona huyo hakufa."

Maswali mawili. Moja, 5 toa 11 alikufa au hakufa? Mbili, kwa nini mtu wa karatasi anikae kichwani miaka ishirini na ushee wakati majina ya wale vijana wanne nakumbuka mawili tu?

Chumvi_Nyingi · #2

Nimefungua uzi nikadhani ni msiba wa kweli, nishaanza kutafuta maneno ya pole. Naweka kambi hapa, lete ya sufuria.

Shiku254 · #3

Mwaka 2003 hiyo ni third edition, toleo la tatu la gemu, ama 3.5, 3.5 ilitoka huo mwaka. So 5 toa 11 ni -6, na -6 si kifo. Kifo ni -10. Kuanzia -1 hadi -9 umezimia unavuja damu, unapoteza pointi moja kila raundi, na kila raundi unarusha dadu, una asilimia 10 ya damu kukatika yenyewe. Raundi ni sekunde 6. Abu alikuwa amebakisha raundi nne. Sekunde 24.

Master wako alikuonea bana.

Kichuguu · #4

Sekunde 24??

Aliyekuwa anacheza kasisi alikuwa hatua chache tu nje ya geti. Na alikuwa na dua ya kuponya hajaitumia siku nzima, nakumbuka maana njiani tulimuomba atibu farasi akasema anaitunza kwa ajili ya dharura. Sasa dharura ilikuwa ipi?

DaduMbovu · #5

Nimecheka kama mazuri. Ila subiri, mtu mwenye nguvu 6 anazungushaje gurudumu la geti la chuma? Nguvu 6 ni mtoto wa darasa la pili.

Mzee_wa_Fact · #6

Taratibu jamani. Dada Shiku kasema kweli ila kasema kweli ya kitabu kimoja. Hili gemu lina matoleo. La kwanza kabisa 1974, Gary Gygax na Dave Arneson, lilitoka Marekani. Baadaye kuna Basic ya 1981, humo ukigonga sifuri umekufa, hakuna kuvuja damu wala nini. Kuna second edition ya 1989, humo nako sifuri ni kifo, ile ya -10 ilikuwepo ila ni sheria ya hiari, master akipenda. Third edition ikaja 2000. Sasa kucheza mwaka 2003 haina maana mlicheza kitabu cha 2003, kama vile kuendesha gari mwaka huu haina maana gari ni la mwaka huu, angalia barabara zetu.

Kichuguu nijibu: ile AC, namba ya ulinzi, ikiwa ndogo ndo nzuri au ikiwa kubwa?

Kichuguu · #7

Ndogo. Abu alikuwa na AC 4 nikawa najisifu nayo. Na kulikuwa na kidude kinaitwa THAC0, namba ya kujua urushe ngapi ndo umpige adui, tunakokotoa kwa penseli, hesabu za kutoa, ndo sehemu pekee nilikuwa nawazidi wale vijana.

DaduMbovu, kuhusu gurudumu, nilirusha nikapata 20. Kila mtu pale mezani alisimama.

Mzee_wa_Fact · #8

THAC0 na AC ya kushuka, hiyo ni second edition. Third waliondoa vyote viwili, wakafanya AC kubwa ndo nzuri. Kwa hiyo Abu amekufa, master hana kosa, tuendelee na maisha.

Chumvi_Nyingi · #9

Duh, mtu kafufuka #3 kafa tena #8. Sufuria basi.

Kichuguu · #10

Haya sufuria.

Kuna zimwi linakaa darajani, hakuna anayepita bila kulipa. Wenzangu wanataka kupigana, mimi nikasema ngoja. Abu akaenda akaliomba zimwi sufuria ya kupikia. Kesho yake akarudisha, ndani kaweka kikombe kidogo cha bati. Zimwi likauliza hiki nini, Abu akasema hongera, sufuria yako ilikuwa na mimba, imejifungua usiku. Zimwi likafurahi likachukua vyote. Siku ya tatu Abu akaenda kuazima sanduku la hazina, zimwi likatoa lenyewe kwa mikono miwili likijua litazaa. Kesho yake Abu anarudi analia. Sanduku limefariki.

Master alicheka mpaka akashindwa kuongea. Wale watoto waliniona mimi ni jiniasi, Jumatatu shuleni wananihadithia kwa watu, mimi niliyekuwa nakaa siti ya nyuma siulizi hata choo kiko wapi. Sikuwaambia kwamba hiyo ni hadithi ya bibi yangu Morogoro na kila mtoto wa kwetu anaijua.

Bi_Mkora · #11

Kwa hiyo ulikula sifa za bibi. Ulituma hata zawadi?

Mpemba_Muscat · #12

Assalaam alaykum. Uzi mzuri huu, nimecheka peke yangu ofisini.

Mchango mdogo, Abunuwasi si mtu wa hadithi pekee. Alikuwepo hasa, mshairi wa Baghdad zama za Harun Rashid, na mashairi yake mengi yalikuwa ya mvinyo. Haya ya sufuria watu walimbandika baadae, kwetu Pemba ukitaka kumtaja mtu mjanja humtaji mwengine. Kwa hiyo yakhe wewe si wa kwanza kumfanya mhusika, keshachezwa miaka elfu na zaidi.

Kichuguu · #13

Shekhe hapo umenifungua, sikujua kabisa. Shukrani.

Shiku254 · #14

Wait. Mzee_wa_Fact umefunga file mapema sana. Kichuguu, siku unadanganya hiyo zimwi, mlirusha nini exactly?

Kichuguu · #15

Dadu ya pande 20 nikaongeza namba iliyokuwa kwenye karatasi, imeandikwa Bluff, yaani kudanganya. Nilipata 19. Na master akarusha ya kwake upande wa zimwi.

Shiku254 · #16

Ahaaa. Bluff upande mmoja, Sense Motive, ya kunusa uongo, upande wa pili, hiyo ni third edition kabisa. Second hakuna kitu inaitwa Bluff, kule master anarusha dadu mbili za pande kumi anaangalia table ya jinsi adui anakuchukulia. So Abu ako hai. Raundi nne.

Mzee_wa_Fact · #17

Hmm. Kwenye karatasi iliandikwaje kazi yake, Thief au Rogue? Second walisema Thief, third wakabadilisha ikawa Rogue.

Kichuguu · #18

Rogue. Nina uhakika maana nilienda kutafuta kwenye kamusi.

Mzee_wa_Fact · #19

Hiyo inaniuma ila bado haitoshi, second nao walikuwa na neno Rogue, ndo kundi lenyewe, Thief na Bard wote wako ndani ya Rogue. Zile namba zake mlizipataje?

Kichuguu · #20

Dadu tatu, mara sita, kwa mpangilio, inayokuja ndo hiyo hiyo. Ya kwanza nguvu ikaja 6, nikataka kulia. Ya mwisho mvuto ikaja 17.

Mzee_wa_Fact · #21

Dadu tatu kwa mpangilio ndo njia ya kwanza ya second edition. Third kawaida yake ni dadu nne unatupa ndogo halafu unapanga mwenyewe unavyotaka. Narudi kwenye msimamo wangu, amekufa.

DaduMbovu · #22

Sasa na mimi niingie kwa hesabu maana ndo ugonjwa wangu. Dadu tatu zina njia 216 za kudondoka. 18 njia moja tu, 17 njia tatu. Kupata 17 siyo uongo ila kijana ana bahati. Kupata 6 njia kumi, hiyo ipo ipo tu.

Na mimi nadhani jibu la swali la pili liko hapa hapa na wala siyo kwenye matoleo. Ungepanga mwenyewe ungetengeneza jitu la nguvu 17 kama watoto wote wa miaka 15, ungelisahau. Dadu ilikupa mtu dhaifu mwenye mdomo, ukalazimika kuishi naye. Mimi wa kwangu alikuwa mchawi mwenye hekima 4, chuo Nairobi huko, alikuwa anafungua kila mlango bila kusikiliza kwanza. Alikufa mara tatu. Nampenda kuliko ndugu zangu wawili hivi.

Babu_Kijiko · #23

Nimesoma mwanzo mpaka mwisho. Sisi tulicheza bweni, Tanzania hii hii, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwenzetu kaka yake alitoka Marekani na kurasa za sheria kaziprinti. Dadu za ajabu ajabu hatuna, zile za pande 20 tunazisikia tu. Tukawa tunatumia karata. Unatoa wazungu, malkia, wote wale wa picha, unabaki na moja mpaka kumi. Nyekundu inasomwa kama ilivyo, nyeusi unaongeza kumi. Saba ya kopa ni 7, saba ya shupaza ni 17. Unapata 1 mpaka 20 safi kabisa.

Mhusika wangu alikuwa mpiganaji anaitwa Mkwawa wa Pili. Alifika levo ya sita. Mwalimu wa bweni akatukuta saa tano usiku na mshumaa na karata, akajua ni kamari. Tulijieleza kwamba hakuna hela, tunapigana na joka. Hapo ndo tukaharibu zaidi. Alichukua karatasi zote akawashia jiko. Mpaka leo nikisikia harufu ya karatasi inaungua namkumbuka Mkwawa.

Mnyalu_Kihesa · #24

Mkwawa wa Pili tena na yeye asikamatwe akiwa hai, kaka umefuata historia sana.

DaduMbovu · #25

Babu hiyo ya karata ni akili kubwa, ila mlikuwa mnarudisha karata na kuchanganya kila mara? Maana msiporudisha, zikishatoka nyekundu zote basi mtu anajua zilizobaki ni nzuri, anasubiria.

Babu_Kijiko · #26

Ndo tulichokuwa tunafanya. Kuna mwenzetu alikuwa anahesabu zilizotoka, hashambulii joka mpaka zile mbovu ziishe. Sasa hivi ni mhasibu.

Upako_Daima · #27

Mnacheka lakini haya mambo ya majini na mazimwi kumwingiza mtoto ni hatari. Marekani kwenyewe wazazi walilipinga hilo gemu. Unashangaa mtu wa karatasi anakukaa kichwani miaka 20, jiulize ni nani huyo anayekukaa kichwani.

Mzee_wa_Fact · #28

Kupingwa kweli lilipingwa, miaka ya 80, mpaka kampuni yenyewe ilipotoa second edition wakaondoa maneno kama demoni na ibilisi wakaweka majina ya kubuni, tanar'ri na baatezu. Hofu ilikuwa kubwa ila mashetani yenyewe hayakupatikana.

Kichuguu, si uliwahi kusikia hilo neno tanar'ri mezani?

Kichuguu · #29

Sikumbuki. Sisi hatukuvuka orki na zimwi, tulikuwa masikini.

Bi_Mkora · #30

Upako mpendwa, anayemkaa kichwani ni yeye mwenyewe. Mimi sijui dadu wala AC ila nimesoma #1 na #10 nikaona kitu kimoja. Mtoto wa miaka 15, ugenini, ana kigugumizi, anakaa siti ya nyuma. Jumamosi saa nne mpaka saa tisa anakuwa mtu mwenye mvuto 17 anayedanganya mazimwi. Halafu siku moja mtu anafunga daftari anasema huyo amekufa, na wiki mbili mbele unapanda ndege. Wewe huombolezi halfling kaka. Pole.

Kichuguu · #31

Dada yangu hapo umenigusa, ila nibishe kidogo. Dar niliporudi nilikuwa muongeaji vizuri tu, nilikuwa mwenyekiti wa mdahalo. Kama Abu angekuwa ni ile hali ya ugenini tu, angeondoka nilipotua. Hakuondoka.

Kolombasi_Ohio · #32

Salaam kutoka Columbus. Mwanangu ana miaka 14 anacheza fifth edition na wenzake, Wasomali wawili, Mmarekani mmoja na Mkongo mmoja. Nimemsomea uzi huu kwa Kiswahili, nikatafsiri palipogoma, swali lake la kwanza ni "alipata death save ngapi?" Kwao ukifika sifuri unarusha dadu ya 20 kila zamu yako ikifika, 10 kwenda juu umefaulu, tatu za kufaulu unatulia, tatu za kufeli ndo kwaheri. Kwa hiyo kwa watoto wa siku hizi hata hiyo -6 haipo, hakuna kushuka chini ya sifuri.

Nadharia yangu, wale wahusika wanakaa kichwani kwa sababu hadithi haikwisha. Wa kwangu angefika levo ya 20 akaoa akawa na shamba ningemsahau. Wako kaishia kwenye mnyororo.

DaduMbovu · #33

Mkwawa wa Babu hakuishia kwenye mnyororo, aliishia jikoni, na anakumbukwa vile vile. Na mchawi wangu yeye alimaliza hadithi yote, tulimzika kwa heshima, na namkumbuka. Nadharia yako inavuja.

Chumvi_Nyingi · #34

Mimi nasema ni umri tu. Kila kitu cha miaka 15 kinaganda. 2003 mimi nilikuwa na redio ya betri naisikiliza Simba ikimtoa Zamalek kwa penalti kule kule Cairo. Nakumbuka mpaka rangi ya kiti nilichokalia. Jana nimekula nini sikumbuki.

Mnyalu_Kihesa · #35

Uzi ulikuwa unaenda vizuri Simba kaingia. Yaani 2003 ndo mnaishi nayo mpaka leo?

Chumvi_Nyingi · #36

Nawe una nini cha 2003 mtani? Tulia tumalizie msiba.

Mpemba_Muscat · #37

Turudi kwa Abu. Kichuguu, hicho kitabu mlichotumia kilikuwaje? Jalada?

Kichuguu · #38

Sasa hapo ndo naogopa kusema.

Kitabu kilikuwa kimoja, cha mtumba, master alikinunua duka la misaada, jalada lilishachanika, kimefungwa na gundi ya karatasi. Na pembeni tulikuwa na rundo la karatasi zimetolewa kwenye intaneti, tulikuwa tunaprinti pale pale library kwa senti, kila wiki anayekuja na hela anaprinti kurasa zake. Kurasa za mwizi niliprinti mimi. Za kufa na kupona sijui zilikuwa kwenye kitabu au kwenye rundo.

Shiku254 · #39

Githeri!! Mlicheza githeri. Kitabu ni second, printout ni third, hizo sheria za third ziliwekwa bure kwa intaneti tangu 2000, mtu yeyote angeprint. Ndiyo maana una THAC0 na Bluff kwa karatasi moja.

Mnyalu_Kihesa · #40

Huku tunaita makande ila nimeelewa.

Mzee_wa_Fact · #41

Makande kweli. Nakubali hapo. Ila mapigano mlipiga kwa kitabu, AC na THAC0, na kufa ni sehemu ya mapigano. Kudanganya ndo mlichukua kwenye rundo kwa sababu kitabu hakikuwa nayo. Kwa mantiki hiyo amekufa.

Shiku254 · #42

Kwa mantiki hiyo hiyo mwizi ni wa printout, yeye aliprint mwenyewe, so mwili wake ni wa third. Anakufa kwa sheria za kwao.

DaduMbovu · #43

Mnabishana kama wanasheria wa mirathi.

Kichuguu · #44

Wakuu nipeni siku mbili. Kuna begi langu la shule liko kwa mama Morogoro, wikiendi naenda.

Kichuguu · #45

Nimerudi. Samahani kwa ukimya, mama alikuwa na orodha ya kazi.

Karatasi ipo. Ila ipo nusu, ukurasa wa mbele wenye AC na pointi za uhai haupo, panya au mimi, sijui. Imebaki ile ya pili, vitu alivyobeba. Kamba futi 50. Mienge 3. Vifaa vya kufungulia kufuli. Dhahabu 14. Sufuria 1. Ile sufuria ya zimwi, niliibeba kumbe, sikumbuki kabisa kwamba niliibeba.

Mama kaniona nimekaa chini na begi akauliza nini hicho, nikamwambia. Akasema ile ya sufuria bibi alikuwa anaimalizia tofauti, mwisho wa kwake mwenye sufuria anacheka na yeye, wanapika pamoja. Mimi nilimaliza pale pa kulia. Sijui kama niliisahau au nilikuwa nalala kabla.

Sasa cha ajabu. Nyuma ya karatasi, chini kabisa kwenye kona, kumeandikwa kwa peni ya kijani "-6?" Na alama ya kuuliza. Mimi sikuwa na peni ya kijani. Peni ya kijani ilikuwa ya master.

Chumvi_Nyingi · #46

Nywele zimesimama.

Shiku254 · #47

ALIJUA. Alienda nyumbani akasoma ile rundo, akaona -10, akaandika. Alikuwa anataka kukurudishia Abu, ndege ikawahi.

Mzee_wa_Fact · #48

Au alikokotoa tu, master wote wanaandika namba pembeni. Alama ya kuuliza inaweza kuwa alikuwa anajiuliza 5 toa 11 ni ngapi. Umesema mwenyewe hesabu za kutoa uliwazidi.

Bi_Mkora · #49

Mzee wewe huna moyo. Aliandikaje nyuma ya karatasi ambayo mwenyewe Kichuguu alikuwa nayo? Uliiacha mezani?

Kichuguu · #50

Siku ile niliondoka bila karatasi, nilikasirika. Aliniletea shuleni Jumatatu, imekunjwa mara nne. Nikaiweka kwenye begi bila kuifungua.

Mpemba_Muscat · #51

Subhanallah. Miaka yote hiyo barua iko begini.

DaduMbovu · #52

Mtafute basi. Yuko wapi huyo master?

Kichuguu · #53

Ni kati ya wale wawili ambao jina nalikumbuka. Nimemuona mtandaoni jina lake, picha ya profaili ni mbwa. Nimeandika meseji nimefuta mara tatu. Unaanzaje, habari za miaka 22, hivi ulimaanisha nini kwa -6?

Kolombasi_Ohio · #54

Mwanangu anasema anza hivyo hivyo.

Shiku254 · #55

Wakati anajipanga mimi nina kasisi levo ya kwanza na ninazo dadu hapa mezani. Dua ya kutibu majeraha madogo, dadu ya pande 8 ongeza 1. Nikipata 6 kwenda juu anaamka. Nikipata chini ya hapo damu inakatika tu. Mko ready?

Chumvi_Nyingi · #56

Rusha hiyo kete dada.

Mpemba_Muscat · #57

Kete za bao hizo. Hii ni dadu.

Shiku254 · #58

Nimerusha.

2.

Ongeza 1 ni 3. Anatoka -6 anaingia -3. Havuji tena damu lakini hajaamka. Amelala pale chini ya gurudumu.

Mnyalu_Kihesa · #59

Yaani miaka 22 halafu unarusha 2?

Mzee_wa_Fact · #60

Pingamizi. Hiyo dua ni ya kugusa, lazima kasisi amwekee mkono. Wewe uko Nairobi, yeye yuko Dar kwenye begi. Haijahesabika.

Shiku254 · #61

Sawa basi, aletwe Nairobi. Jumamosi tunacheza, kiti kiko.

Kichuguu · #62

Naulizia basi. Mtu wa futi tatu analipa nusu nauli au kamili?